Mstari wa Msumari

Miaka kumi na moja chumvi ya tanuri langu
haikuwa kwenye kopo wala kwenye karatasi.
Ilikaa kidoleni. Hiki hapa, cha shahada.
Natupia konzi, nachovya, nalamba, nasema: bado.
Natupia, nachovya, nalamba: haya.
Na Newala nzima, kuanzia stendi mpaka Luchingu,
inapiga mswaki taratibu
ikingoja ulimi wangu uridhike.

Ufunguo wa stoo nililala nao.
Wa sanduku la fedha nilioga nao.
Siwema akitaka hamira, hodi.
Bushiri akikosa chenji, hodi.
Kuni zimekuja mbichi, hodi.
Nikienda msibani Kitangari nawaacha wamekaa,
mikono magotini, unga umefunikwa shuka
kama maiti wa pili.
Bila mimi pale hapaendi kitu, nikawa nasema.
Nilidhani najisifu.

Kisha jino.
Si ugonjwa wa kutungia hadithi: jino la nyuma, la chini,
shavu likaumuka kama andazi,
ulimi ukafa ganzi siku nne.
Nikachovya, nikalamba: hakuna kitu.
Nikachovya tena. Kama kulamba ukuta.
Siku ile tuliuza mikate ya maji ya bahari,
na mwalimu mmoja akairudisha sita,
mmoja umeng'atwa.

Usiku Siwema akaja na kopo tupu la maziwa
na msumari.
"Mama, ile ya Ijumaa ilikuwa sawa.
Nilikuwa nahesabu konzi zako. Hukujua tu."
Akamimina chumvi, akatikisa mpaka ikalala,
akakwaruza.
Kirrr.
Jamani, sauti ile!
Miaka yangu kumi na moja, kumbe kimo chake
ni vidole viwili ndani ya kopo.

Baada ya hapo tukawa kama wenye wazimu wa mistari.
Mstari wa maji (na maji huku juu
si ya kuchezea, kila ndoo ina safari yake).
Mstari wa mafuta. Chaki ukutani: nani anawasha,
nani anakanda, kuni kavu inaliaje ukiigonga.
Daftari la Bushiri, safu tatu,
ya wadaiwa ndefu kuliko zote.
Ufunguo wa stoo nikampa Siwema Jumatatu.
Jumanne nikamwomba anirudishie.
Jumatano nikampa tena,
nikaenda kulala, sikulala.

Nisiwadanganye, makosa yalikuwepo.
Gunia mbili za unga ziliandikwa moja.
Na siku ya mnada mikate arobaini iliungua
mimi niko nyumbani, pua imeshajua,
miguu imeshavaa ndala.
Nikazivua.
Nimebeba magunia, nimeungua mikono hii yote miwili,
lakini kazi ngumu kuliko zote za tanuri
ilikuwa ile: kuvua ndala.

Siwema alihesabu iliyoungua, akaiandika,
akaandika na sababu,
akasogeza saa ya kuchomoa dakika tano nyuma.
Sikumfundisha hilo.
Mstari wangu wa maji akaupiga mkato,
akakwaruza mwingine chini kidogo:
"Unga wa safari hii haunywi sana, Mama."
Hakuuliza. Aliniarifu.

Jana asubuhi, ukungu bado umelalia barabara,
nikaenda dirishani kama mtu yeyote.
Kijana mpya. Simjui, hanijui.
"Bibi, foleni inaanzia kule."
Nikaenda kule.
Nikasimama nyuma ya mwenye pikipiki,
nikalipa, nikahesabiwa chenji, haikupungua hata mia.
Nikaumega mkate palepale, wa moto,
nikatafuna polepole, nikitafuta kosa.

Chumvi ilikuwa sawa.
Nikakitazama kidole changu:
kikavu.